Dawa ya Chunusi na Jua la Oktoba

Vwawa, Mbozi
22 Septemba

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata, na picha nimeziangalia kwa makini. Umeniuliza mambo mawili: je, uiache dawa ya chunusi kwa kuwa joto limeanza, na je, unaweza kuichanganya na ile tyubu anayouza jirani yako wa kibanda ili uso utakate kabla ya sendofu yako ya Desemba? La kwanza, usiiache. La pili, hapana kabisa, na sababu zake nitakueleza kwa kirefu ili uweze kuwaeleza na wenzako hapo stendi.

Tretinoini uliyoandikiwa Mbeya, ile ya asilimia 0.025, ni ya kundi la retinoidi, dawa za ukoo wa vitamini A. Inaiharakisha ngozi kujivua chembe zilizokufa na kuzuia vinyweleo visizibe. Chunusi hupungua, na madoa meusi yaliyobaki nyuma yake hufifia taratibu. Lakini wiki za mwanzo ngozi hukauka, hubanduka na kuwaka, na jua likiikuta hivyo huiumiza upesi. Sisi weusi tuna jambo la ziada la kuangalia: muwasho wowote unaopita usoni petu huweza kuacha baka. Nimewaona wasichana waliojipaka kwa pupa wakaja hapa kwenye duka la dawa na mabaka mengi kuliko chunusi walizoanza nazo, halafu wanailaumu dawa.

Sasa jua lenu. Watu wa Tunduma mnadanganywa na ubaridi. Mji uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, upepo wa mpakani haukomi, mtu anavaa sweta hadi saa tatu asubuhi na kudhani jua ni pole. Joto la hewa na makali ya mionzi ni vitu viwili tofauti. Kadiri unavyopanda mlima mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Tena huku kwetu jua halisubiri miezi ya kiangazi cha Ulaya inayoandikwa kwenye maelekezo ya vipodozi. Linapita utosini kabisa katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, wakati wa mvua, ambapo watu wanaona mawingu na kujiona salama. Mawingu mepesi hayazuii mionzi hiyo. Kwa hiyo wiki hizi unazoingia ni miongoni mwa zile kali kabisa, na wewe unakaa kwenye miamala ya simu kando ya barabara kuu tangu asubuhi.

Mwavuli wa kibanda unasaidia, ila hautoshi, maana mwanga unarudi usoni kutoka kwenye lami, kwenye mabati na kwenye vioo vya malori yaliyopanga foleni kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Vaa kofia yenye ukingo mpana, ile inayofunika hadi masikio. Geuza meza yako kadiri jua linavyohama, ili kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni likupige mgongoni, siyo usoni. Na kila asubuhi pakaa losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, iliyoandikwa kwamba inazuia UVA na UVB. Mchirizi wa urefu wa vidole viwili ndio kipimo cha uso na shingo. Ukijipaka kiasi cha tone, hiyo 30 iliyoandikwa huipati. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na papo hapo ukishajifuta jasho. Watakwambia mtu mweusi hahitaji. Ni kweli rangi yetu ni kinga: watafiti waliwahi kuipima mwaka 1979 wakapata kama SPF 13. Kinga hiyo inatosha kwa shughuli nyingi, haitoshi kwa ngozi inayobanduka kwa dawa.

Jambo moja nakuomba kwa dhati. Iko losheni inayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, nao hugawiwa bure. Ukiikuta inauzwa kibandani, usiinunue. Kwako wewe ni kinga ya madoa, kwa mwenzako ni kinga ya saratani.

Dawa yenyewe ni ya usiku tu, kwa sababu mwanga huiharibu na wewe mchana uko juani. Nawa kwa sabuni laini, si ya kufulia, jifute, kisha subiri kama dakika 20 uso ukauke kabisa, maana ngozi yenye maji huwaka zaidi. Kiasi ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, uitawanye, usiigandamize juu ya chunusi moja moja. Pembe za pua, za mdomo na za macho zipake vaselini kwanza ili dawa isiingie hapo. Anza na usiku wa Jumatatu na Alhamisi kwa wiki mbili. Ngozi ikivumilia, ongeza usiku mmoja, halafu ndiyo ufike kila baada ya siku moja. Ikiwaka, pumzika siku kadhaa na upake mafuta ya kulainisha tu. Hakuna tuzo kwa anayejipaka kila siku. Na tyubu usiiache kibandani kwenye joto.

Chunusi zinaweza kuzidi kidogo wiki za mwanzo. Wengi hukata tamaa hapo na kuitupa, na hilo linanisikitisha kwa sababu matokeo huanza kuonekana vizuri kwenye wiki ya 12. Hesabu kutoka leo utaona inaangukia katikati ya Desemba. Muda unao, ukianza sawasawa.

Umesema pia daktari alikupa doksisaiklini. Hiyo nayo huifanya ngozi iungue kirahisi juani, kwa hiyo dawa mbili zinavuta upande mmoja. Siku utakapokwenda shamba kumsaidia mama yako kupanda, kaa na kofia na mikono mirefu, na ukirudi uso umeungua, usiguse tretinoini mpaka upone.

Nirudi kwenye tyubu ya jirani yako. Nimesoma karatasi yake kwenye picha: haidrokwinoni, tretinoini na steroidi, vyote ndani. Utaona tretinoini na kudhani ni ileile yako. Mchanganyiko huo una historia. Daktari Albert Kligman wa Philadelphia ndiye aliyeifanya tretinoini kuwa dawa ya chunusi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1971. Ni yeye huyohuyo aliyefanya majaribio kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao watu weusi, hadi majaribio hayo yalipokomeshwa mwaka 1974. Mwaka 1975, yeye na mwenzake wakatangaza mchanganyiko wa vitu hivyo vitatu wa kuondoa rangi ya ngozi. Madaktari wa ngozi hutumia aina zake hadi leo kwa mabaka sugu, kwa muda mfupi, wakimwona mgonjwa mara kwa mara. Anayekuuzia kwenye kiti cha plastiki hatakuona tena.

Steroidi ikitumiwa miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na ukiacha uso huvimba na kutoa vipele vyekundu. Haidrokwinoni ikikaa muda mrefu huweza kuleta weusi wa rangi ya bluu usiotoka. Tretinoini ndani yake huwafungulia wenzake njia ya kuingia zaidi. Ongeza jua la Oktoba juu ya ngozi hiyo. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 wanaosimamia vipodozi ni Shirika la Viwango, TBS. Lakini mpaka wetu una njia nyingi za miguu, na mizigo inapita. Mimi naamini kabisa biashara hii inawala wasichana wetu kwa kutumia aibu waliyofundishwa juu ya rangi yao. Bwana harusi wako alikuchumbia na rangi hiyohiyo uliyo nayo.

Na wale wa saluni, waambie mapema kwamba unatumia retinoidi. Wasikusugue uso kwa skrabu, wasikupake nta ya kung'oa nyusi, maana itaondoka na ngozi. Ndimu usipake, kwa sababu maji yake yakikutana na jua huunguza.

La mwisho ni la ndoa, na nakuandikia kama shangazi yako. Siku mtakapoamua kutafuta mtoto, tretinoini iache na umwambie daktari. Vidonge vya ukoo huohuo, vya isotretinoini, huweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni, na hata hii ya kupaka hatuiruhusu kwa mjamzito. Usisubiri mpaka ukose siku zako.

Nimemkabidhi kondakta wa Coaster bahasha yenye losheni mbili, zote za SPF 50. Tarehe ya mwisho ya kutumia nimeizungushia kalamu. Kaka yangu mpe salamu, mwambie mbolea yake nimeipata.

Shangazi yako