Kihispania chetu cha Likawage

Wengi mmetuuliza kwa nini tulikwenda mpaka Likawage kufanya mazoezi ya Kihispania, na hapa Unguja mwenye kuitaka lugha hiyo anateremka Forodhani jioni tu. Ufukweni, jamani, mtu hujifunza bei, boti na samaki, basi. Tulipopata habari ya vijana kutoka Hispania wanaokwenda Kilwa kujitolea kujenga darasa, na wanatafuta wa kuwafunza Kiswahili, sisi wanne tukafunga mizigo. Wao Kiswahili, sisi Kihispania, zege tugawane.

Mwenye kuwaza Kilwa ya magofu na majahazi aiweke kando. Lami ya Dar es Salaam na Lindi ukishaiacha ni ndani, miti na vumbi, na wazee wao kwa wao wanazungumza Kingindo. Kumbe na sisi tulikuwa wageni vilevile.

Lugha ilitunogea kuliko tulivyotaraji. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711 na utawala wao wa mwisho, Granada, ukaanguka 1492, kwa hivyo Kiarabu kimeachwa kila pembe. Sukari wanaita azúcar. Tasa letu kwao ni taza, kikombe. Hasta yao ni hata yetu, ile ya wazee wanaosema "toka asubuhi hata jioni". Wakitamani jambo husema ojalá, na ndani yake limo jina la Allah, ingawa wale vijana hawakuwa wakijua mpaka tulipowaambia. Hata fundi mwashi, albañil, ametoka kwenye al-bannaa. Na si mara ya kwanza Kihispania kusikika kwenye ujenzi wa nchi hii: Wacuba walisaidia kujenga shule za sekondari Ruvu, Kilosa na Ifakara miaka ya 1970.

Sasa maji. Zege linakunywa maji, tofali linataka kuloweshwa, ukuta unataka kumwagiwa asubuhi na jioni. Ilikuwa Julai, kiangazi. Mafundi wa kijijini walikuwa wanapanga kozi tatu wakati wageni wanahangaika na moja, tena ile moja fundi anairudia kimyakimya wakishakwenda kula. Lakini maji yalikuwa yanatekwa na nani? Kina mama na mabinti, ndoo kichwani, safari baada ya safari. Siku ya nne tukagundua mabinti wawili hawajaingia darasani tangu Jumatatu. Wanateka maji ya kujengea darasa!

Bibi mmoja aliyekuwa ametua ndoo yake akatuuliza, "Wanangu, wanaojenga ni hawa wageni au ni sisi?" Akataka tuwafikishie.

Tulitazamana. Kihispania cha azúcar na taza kilikuwa kitamu, hiki kilikuwa kingine. Msimamizi wa safari, aliyeletwa na taasisi yao, alitunong'oneza tusiwavunje moyo, wamelipa pesa nyingi kuja. Sisi tukaona amana ya mkalimani ni kufikisha. Jioni tukakaa nao, sentensi zetu zikichechemea, tukasema lote: ndoo, mabinti, fundi anayerudia kozi. Kijana mmoja alikasirika akaondoka. Binti mwengine akalia, jambo ambalo kwa kweli halikumsaidia mtu. Wa tatu ndiye aliyeuliza la maana: kisima kiko wapi, na ndoo ya ziada ipo?

Asubuhi walikwenda kisimani wote, na yule aliyekasirika naye. Walimwaga nusu njiani, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mabinti wale wakaingia darasani. Matofali wakaachiwa mafundi, wageni wakabaki na maji, mchanga na kokoto. Pesa ya sherehe ya kuagana wakainunulia tangi la kuvunia maji ya mvua, baada ya kamati ya kijiji kukubali.

Mpaka tunaondoka tangi lilikuwa limeshakaa kwenye msingi wake, mifereji ya bati ndiyo haijafika. Anayetaka kufuatana nasi Julai ijayo atuandikie mapema. Kihispania si sharti. Aje na ndoo yenye mfuniko, na kata yake ya kichwani.