Hesabu ya nguvu kabla ya safari

Wazee husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, anayetazama kwa mbali huona mzigo ni mwepesi. Anayeubeba ndiye ajuaye uzito wake. Mwezi wa Julai ujao tunataka kusafiri kwa mashua katika mifereji ya Uingereza, sisi ambao miguu yetu haina nguvu. Watu wengi wametuambia: «Safari ya mashua ni ya kukaa tu, maji yatawabeba.» Hayo ni maneno ya mtu anayetazama usufi. Leo twapenda kuwaeleza namna safari ya namna hii inavyopangwa, kwani hesabu yake yaweza kumfaa kila mtu mwenye kilema, na kila mtu anayekaa naye nyumba moja.

Sisi tulizaliwa upande wa Kalemie. Tulipokuwa na umri wa miaka mitatu tulishikwa na polio. Mguu wa kushoto ukakauka, wa kulia ukabaki na nusu ya nguvu zake. Tangu hapo twatembea kwa magongo na chuma cha mguu. Katika seminari ndogo tulipanda ngazi zile zile walizopanda wenzetu, ila sisi tulianza kupanda kabla ya kengele kulia. Leo twakaa Stoke-on-Trent, mji wa vyombo vya udongo, mahali ambapo kazi ya uuguzi ya mama watoto ilitufikisha. Huko mfereji wapita katikati ya mji, na njia iliyo kando yake ni tambarare. Ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote, maana haina ngazi.

Yafaa kwanza tueleze mifereji hiyo ni kitu gani. Katika karne ya 18 barabara za Uingereza zilikuwa mbaya, na reli haikuwako. Farasi akivuta gari katika matope hubeba mzigo mdogo. Farasi yule yule akivuta mashua majini aweza kubeba tani 25 na zaidi. Mwaka 1761 fundi mmoja, jina lake James Brindley, alifungua mfereji wa kupeleka makaa ya mawe Manchester. Kisha akaanza mfereji mkubwa unaopita hapa Stoke. Akafa mwaka 1772, na kazi yake ikamalizika mwaka 1777.

Lakini maji hayapandi mlima. Sisi Wakongo twaijua shida hiyo. Penye maporomoko ya Kisangani meli hazipiti, kwa hiyo ikajengwa reli ya kilomita 125 mpaka Ubundu, ikamalizika mwaka 1906. Waingereza walifanya namna nyingine: walijenga ngazi za maji. Kila ngazi ni chumba cha mawe au matofali, chenye milango mizito mbele na nyuma. Mashua huingia chini, milango ya nyuma hufungwa, maji ya juu huachiliwa kuingia, na mashua huinuka pole pole pamoja nayo. Maji yakilingana, milango ya mbele hufunguliwa, na mashua huendelea na safari. Ili kuokoa fedha na maji, vyumba vingi vilijengwa vyembamba, upana wa mita 2 na kidogo tu. Ndiyo sababu mashua za huko ni nyembamba nazo: upana mita 2, na urefu mara nyingine kufika mita 21. Fikirini mtumbwi mrefu wa chuma, wenye nyumba juu yake.

Zamani jamaa nzima ilikaa katika chumba cha urefu wa mita 3 hivi nyuma ya mzigo: baba, mama na watoto. Baridi kali ya mwaka 1962 na 1963 iligandisha mifereji kwa muda wa majuma mengi, na biashara iliyosalia ikavunjika karibu yote. Leo mashua hizo ni za watu wanaopumzika, na za wengine waliozifanya nyumba. Tangu mwaka 2012 shirika liitwalo Canal & River Trust latunza njia za maji za Uingereza na Wales, karibu maili 2,000.

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe. Nani hufungua milango ile? Haifunguki yenyewe. Mtu hushuka nchi kavu, hufunga kamba, huzungusha ufunguo mkubwa wa chuma ili kuinua vibao vinavyozuia maji, kisha husukuma gogo refu la mlango kwa mgongo na miguu. Mara nyingi huvuka upande wa pili kwa kukanyaga ubao mwembamba juu ya mlango. Hakuna hata moja katika kazi hizo ambayo mtu wa magongo aweza kuifanya bila hatari. Basi, kila mlango tusioufungua sisi, mtu mwingine ataufungua. Hesabu yaanza hapo.

Wenyeji wa mifereji wana kanuni nyepesi. Andika idadi ya maili, ongeza idadi ya vyumba vya maji, gawanya kwa tatu: utapata saa za safari. Tulijaribu kwanza mzunguko mmoja mashuhuri unaopita karibu na mlango wetu. Una maili 110 na vyumba 94. Jumla yake 204, ukigawanya kwa tatu ni saa 68. Katika siku saba ni karibu saa 10 kila siku. Vijana wanne wenye afya huumaliza wakicheka. Lakini mama watoto akiwa peke yake kwenye milango, vyumba 94 si mapumziko, ni kazi ya kifungo.

Alipoiona karatasi hiyo alituambia: «Baba, mwaka mzima mimi huinua wagonjwa. Siku hizo nami nataka kukaa nitazame miti.» Neno hilo ni la haki. Mara nyingi safari ya mtu mwenye kilema hupimwa kwa swali moja tu: je, yeye ataweza? Swali la pili halifai kusahauliwa: je, aliye pamoja naye atapumzika?

Kwa hiyo twachagua mfereji wa Llangollen, unaotoka Uingereza na kuingia Wales. Mfereji huo una vyumba 21, lakini 19 vyao viko upande wa chini. Mtu akianza safari Ellesmere, hukuta viwili tu mpaka Llangollen, mwendo wa karibu maili 20. Kwenda na kurudi ni maili 40 na kufungua vyumba mara nne: jumla 44, yaani saa 15. Tumeongeza saa nne, maana maji ya mfereji huo hutoka katika mto Dee na yana mkondo. Mashua inayopanda hupambana nao. Saa 19 katika siku sita ni zaidi kidogo ya saa tatu kila siku. Tena katika mwezi wa Julai jua la huko huchwa saa tatu na zaidi za usiku, basi hakuna haja ya kukimbizana na giza.

Kisha ikaja hesabu ya mashua. Mashua za kawaida zina ngazi tatu au nne zilizosimama sana, na njia ya ndani ambayo kiti cha magurudumu hakipiti. Ukingo wa nje, ambao vijana hutembea juu yake, hautoshi hata unyayo mzima. Mahali pamoja palipotangaza kwamba mashua zao zafaa kila mtu, tulifika na kamba ya kupimia. Mlango wa choo ulikuwa na upana wa sentimita 50. Tulishukuru, tukaenda zetu. Tangu siku hiyo hatuulizi tena, «Je, mashua yenu yafaa?» Twauliza: «Mlango una sentimita ngapi? Kitanda kiko juu kiasi gani? Ngazi ngapi, na pa kushika pako wapi?» Neno «yafaa» kila mtu hulipima kwa mwili wake, sentimita ni zile zile kwa watu wote.

Kumbe kuna vyama vya wema vilivyotengeneza mashua kwa watu kama sisi. Zina lifti ya kumshusha mtu na kiti chake, njia pana, na mahali pa kuogea pasipo kizingiti. Kimoja kiko karibu na Ellesmere, na kwa mashua yao tumeandika jina letu.

Mtauliza: basi sisi tutafanya kazi gani, au tutabebwa kama gunia la muhogo? Hapana. Kazi ya usukani ni yetu. Mashua hii ina uzito wa tani 15 na zaidi, wala haina breki. Haijibu upesi: unasukuma mkono wa usukani kushoto, unangoja, na baadaye pua yake yaanza kwenda kulia. Mwenye haraka huigonga ukutani. Tena ni marufuku kuizuia kwa mguu isigonge, maana hakuna mguu, mzima au kilema, unaoweza kuzuia tani 15, utavunjika tu. Katika chumba cha maji msukani ana ulinzi mkubwa. Wakati wa kushuka, chini ya milango ya nyuma pana kizingiti cha jiwe kilichojificha majini. Mashua ikirudi nyuma kidogo, mkia wake hukalia kizingiti hicho, pua hushuka, na mashua yaweza kuzama kwa dakika chache. Ukutani pana alama nyeupe ya kuonyesha mpaka wake. Kuitazama alama ile bila kugeuza macho kwataka uvumilivu, na uvumilivu tumejifunza miaka mingi.

Shemeji atafungua milango pamoja na mama watoto, na mtoto wetu mkubwa atashika kamba. Shemeji alituuliza: «Shemeji, na kwenye lile daraja la angani je?» Alisema daraja la Pontcysyllte, lililofunguliwa mwaka 1805. Ni mfereji wa chuma juu ya nguzo za mawe, urefu mita 307, kimo mita 38 juu ya mto. Upande mmoja una njia na vyuma vya kushikilia. Upande wa pili hauna kitu, mashua yaonekana kama inaelea hewani. Tumekata shauri: hapo watoto watakaa ndani, na watu wote watavaa jaketi la kuelea tangu asubuhi. Watu husema maji ya mfereji ni mafupi, mtu aweza kusimama. Lakini kwa mtu asiyeweza kusimama, hata mita moja ni kilindi.

Hatutaficha sababu ya kutaka kwenda mwaka huu wala si baadaye. Polio ina jambo ambalo wengi hawalijui. Mishipa ya fahamu iliyosalia huchukua kazi ya ile iliyokufa, na baada ya miaka 15 mpaka 40 nayo yaweza kuchoka. Mwaka jana mguu wetu wa kulia ulianza kutetemeka jioni, na mabega kuuma usiku. Daktari alieleza kwamba hakuna dawa ya kurudisha nguvu hiyo. Njia iliyopo ni kuitumia kwa kipimo na kupumzika kabla ya kuchoka. Mama watoto alisikiliza, kisha akasema: «Miguu yako naijua tangu tulipooana. Usiyoniambia habari zake ni mikono yako.» Basi tumeagana naye. Kila baada ya saa moja ya usukani tutasema namba moja kati ya moja na kumi. Tukisema saba, mashua itafungwa kando ya njia, bila maneno wala huruma.

Kwetu Kongo watu wenye kilema hawakungoja kufundishwa habari za maji. Kwa miaka mingi, penye kivuko cha Kinshasa na Brazzaville, walipita na kinga zao za magurudumu matatu zilizojaa bidhaa, wakilipa kodi ndogo, na wenye afya waliwatafuta ili wafanye biashara pamoja nao. Mwenye kiti alitoa haki yake ya kupita, mwenye miguu alitoa nguvu ya kusukuma. Hakuna aliyemfanyia mwenziwe sadaka. Sisi nasi twataka mashua yetu iwe hivyo.

Ndugu msomaji uliye na kilema, hata kama safari yako ni ya kwenda harusi Uvira au kuvuka ziwa mpaka Idjwi, chukua karatasi. Andika ngazi, saa, mahali pa choo, na mikono itakayokusaidia. Andika pia nguvu za yule anayekusaidia, wala usizihesabu kama hazina mwisho. Waulize watu mapema, kabla ya siku yenyewe, maana anayeombwa mapema aweza kusema hapana bila aibu, na ndiyo yake yaaminika. Na wewe uliye na miguu mizima, usimwambie ndugu yako kwamba safari ni nyepesi. Mwulize: mlango una sentimita ngapi?