Manamba

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili kwa mlango wa kazi, hakuna lililotugusa sisi watu wa Kasulu na Kibondo kama neno manamba. Shina lake ni namba, lililotoka katika Kiingereza. Kiambishi ma- ni cha kwetu.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mashamba ya Tanga na Morogoro yalipotanuka yalihitaji mikono mingi, na katika utawala wa Waingereza Buha ikawa mojawapo ya ghala za mikono hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua. Maneno matatu ya jina lake la Kiingereza yalikatwa, yakaunganishwa, ikaitwa Silabu. Aliyeandikishwa alipewa namba, akapanda gari moshi. Shambani alishika kipande chenye nafasi 30. Kila siku aliyotimiza kazi aliyopimiwa ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa.

Hebu tutazame sarufi ya neno hili. Husema mkulima na wakulima, mvuvi na wavuvi. Lakini hatusemi mnamba wala wanamba. Mmoja ni manamba, na mia ni manamba. Upatanisho ni wa mtu: "manamba amefika." Umbo la neno, hata hivyo, halimtengi mmoja na wenzake. Ndivyo alivyokuwa katika daftari la msimamizi.

Baba yangu alikwenda manamba katika miaka ya 1950. Nilipokuwa shuleni, mwenzangu aliniita "mtoto wa manamba", nikarudi nyumbani nikilia. Mama, mzaliwa wa Kibondo, alinyamaza. Baba akaitaja namba yake, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni yao. Jina langu nililiacha hapa kwa bibi yako, nikarudi nikalikuta."

Siku hizi, huko Kenya, manamba ni yule anayeita abiria wa matatu. Neno limepata kazi nyingine, nalo halina kosa. Kosa ni la anayelitumia kumdharau mwenzake. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kila siku huandika namba za watu katika mafaili. Huwauliza jina kwanza.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu habari za mkonge wangali nasi, na majina yao muyaandike.