Zimwi la Uvunguni

Lugha yetu haina ubahili katika mambo ya usingizini. Tunazo ndoto na njozi. Tunayo maruweruwe ya mgonjwa. Tunalo jinamizi, ambalo humkandamiza mtu kifuani hata asiweze kunyanyua kidole. Na tunacho kitenzi kuweweseka, yaani kusema ama kulia hali mtu yungali amelala. Maneno haya tuliyafundisha darasani miaka mingi kabla ya kuyahitaji nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Tuliyahitaji binti yetu alipokuwa na miaka minne, alipopata mdogo wake ikambidi ahamie chumba cha pili.

Haikupita juma moja akaanza kupiga mayowe. Saa moja au mbili baada ya kulala aliketi kitandani, macho wazi, jasho likimtiririka, wala hatutambui. Majirani walitaja mashetani. Wataalamu wa usingizi hueleza kwamba hali hiyo hutokea katika usingizi mzito wa sehemu ya kwanza ya usiku, na kwamba haifai kumtikisa mtoto aamke. Yatosha kukaa karibu naye asije akaanguka. Atajilaza mwenyewe, na kwa kawaida asubuhi hakumbuki lolote. Ndoto mbaya ni jambo jingine. Hiyo huja zaidi usiku ukielekea kucha. Mtoto huamka kweli kweli, huikumbuka, huogopa kulala tena. Huyu ndiye wa kupakatwa na kusemeshwa. Mzazi anayeyaita yote mawili kwa jina moja atamsumbua anayelala, na kumnyamazisha anayetaka kusema.

Wetu alitaka kusema. Alisema kuna zimwi uvunguni. Bibi yake alishauri tumulike huko kwa tochi kila usiku, lakini sisi hatukuafiki, maana anayelitafuta zimwi kila siku amekwisha kukiri kwamba lipo. Tulingoja mchana. Alasiri, mkekani, tulimwomba atuhadithie ndoto yake kama ngano, na alipofika mahali pa kutisha tukamwuliza, ‘Kisha?’ Siku ya tatu alijibu kwamba zimwi limekula ugali mwingi mno, tumbo limekwama chini ya kitanda, nalo linaomba msaada. Alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo ngano za mazimwi zikawa za alasiri. Usiku bibi akabaki na Sungura, ambaye hila zake hazimnyimi mtu usingizi.

Tulibaki na neno pekee. Mwalimu mwenzetu mmoja alituambia kwamba tunamdekeza mtoto, ati ajifunze ushujaa. Yeye mwenyewe alilelewa kama sisi, mkeka mmoja na binamu watano na nyanya mwenye kukoroma! Kulala peke yake ni desturi ngeni kwetu, iliyoletwa na nyumba za vyumba vingi, na desturi hufundishwa kidogo kidogo. Juma la kwanza tulikaa ukingoni mwa kitanda. La pili, kwenye kiti karibu na mlango. La tatu, sebuleni, mlango ukiwa wazi ili asikie sauti zetu. Saa ya kulala haikubadilika, wala dua yake. Kwa kuwa umeme hukatika, tochi ilipata kazi hatimaye: hukaa chini ya mto, na mwenyewe ndiye mwenye kuiwasha.

Siku hizi huja kwetu mara moja moja, karibu na adhana ya alfajiri, akiburura kanga yake. Tunamsogezea nafasi.