Ufadhili Bila Bumu

Najua nimekuwa kimya tangu Krismasi, mnisamehe. Huku Stockholm baridi imeshatuachia, ile miti ya maua ya Kungsträdgården imemaliza kuchanua na watu wameanza kuota jua kama mijusi. Leo sina zamu. Nimepika ugali na dagaa wa mwisho walioletwa na mama, nikashiba, nikasema basi, leo naandika jambo ambalo nilitakiwa kuliandika miaka mingi iliyopita.

Jumapili Baba mdogo alinipigia simu kwa furaha. Binti yake, mdogo wangu, amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huku Uswidi kuanzia Agosti, na chuo kimemlipia ada yote. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni! Halafu Baba mdogo akasema, "Sasa mwanangu, nauza kile kiwanja cha Kihonda apate pesa ya kuonyesha kwa ajili ya kibali. Akishafika atafanya kazi hapo hapo chuoni, kama ulivyofanya wewe."

Nikanyamaza. Akadhani mtandao umekata.

Nilinyamaza kwa sababu hiyo hadithi ya "kama ulivyofanya wewe" niliisimulia mwenyewe, na niliisimulia nusu. Leo nawapa nusu iliyobaki.

Kwanza mjue ada ya huku ikoje. Waliotutangulia walisoma bure. Mpaka 2010 vyuo vya Uswidi havikumtoza mtu ada, uwe Mswidi au Mmatumbi. Kuanzia muhula wa vuli wa 2011, sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa ada, na hata kuomba tu nafasi ni krona 900. Krona moja ni kama shilingi 250 na ushee. Kozi nyingi za uzamili ni zaidi ya krona laki moja kwa mwaka, na za afya huwa ghali zaidi.

Kwa hiyo mwaka 2016 chuo kiliponiandikia kwamba nimefutiwa ada yote ya miaka miwili, nililia. Nilikuwa muuguzi mwenye digrii ya Muhimbili na mshahara mnaoujua. Nikawatangazia wote: nimepata ufadhili wa Ulaya! Nanyi mliposikia ufadhili, mkasikia mshahara. Siwalaumu, hata mimi nilisikia hivyo hivyo.

Wanafunzi wa Bongo wanajua tofauti. Bodi ya Mikopo ina ada, halafu ina ile pesa ya chakula na malazi, wao wanaiita bumu. Bumu likichelewa chuo kizima kinanuna. Basi ufadhili wangu ulikuwa ada peke yake. Bumu hakuna.

Ili nipewe kibali cha kuishi, Idara ya Uhamiaji ya huku, Migrationsverket, ilitaka ione kwenye akaunti yangu krona 8,000 na kitu kwa kila mwezi, kwa miezi kumi ya mwaka wa masomo. Piga hesabu, ni kama milioni 20 za wakati ule. Mnakumbuka zilivyopatikana. Milioni tisa zangu, akiba pamoja na mkopo wa SACCOS kazini. Mama mbili, alizitoa VICOBA. Ninyi ndugu wengine mlichanga tano. Na Baba mdogo akatoa nne, taslimu, kwenye bahasha ya kaki, akasema, "Nenda, usirudi nyuma."

Kitu ambacho sikukielewa mpaka nimefika ni hiki. Miezi waliyohesabu ni kumi, lakini mwaka una miezi kumi na miwili. Tena mwaka wa pili, wakati wa kuongeza kibali, unaonyesha pesa hiyo upya! Yaani zile milioni 20 zilikuwa zangu kwa kuzitazama. Nikizila zote mwaka wa kwanza, mwaka wa pili narudi nyumbani bila shahada.

Chumba nilipata Tensta, nimepangishiwa na mpangaji mwenzangu, krona 4,500 kwa mwezi. Weka tiketi ya treni, chakula, simu, koti la baridi na viatu visivyoteleza kwenye barafu. Kufikia Oktoba nilikuwa nikifungua akaunti jioni na kuitazama kama muuguzi anavyotazama presha inayoshuka.

Nikatafuta kazi chuoni. Nilikuwa nimesoma habari za wanafunzi wa Marekani wanaofanya kazi maktaba na bwaloni, nikadhani kila mahali ni hivyo. Huku maktaba wanataka Kiswidi, bwaloni wanataka Kiswidi, na kazi za kusaidia walimu wanapewa wanafunzi ambao walimu wameshawajua. Mimi nani alinijua? Na uuguzi wangu haukunisaidia. Bila leseni ya Socialstyrelsen huruhusiwi kufanya kazi ya muuguzi, hata kama nyumbani ulikuwa ukiongoza wodi.

Novemba nikapata kazi ya kusambaza magazeti. Mnajua msemo wetu wa kubeba boksi. Mimi nilibeba magazeti. Naamka saa saba usiku, saa nane niko Södermalm na kigari changu, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Gazeti haliachwi getini, unapanda ngazi mpaka mlangoni kwa kila mtu, na majengo mengine ya zamani hayana lifti. Saa tatu niko darasani. Kwa kuwa majira ya baridi jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kuna siku niliona mwanga kwa saa mbili tu, tena kupitia dirishani.

Mama akipiga anauliza, "Umekula?" Nasema nimekula. "Masomo?" Nasema yanakwenda. Mwezi huo huo nikaletewa mchango wa harusi, na ujumbe kwamba wewe uko kwenye ufadhili, usitoe kama sisi. Nikatuma krona 500. Wiki ile nilikula mkate na mayai.

Januari nikafeli epidemiolojia. Mimi! Niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu takwimu Muhimbili! Nilisinzia ndani ya chumba cha mtihani, jamani, kalamu mkononi. Huku kurudia mtihani hakulipiwi, lakini kibali hakiongezwi kama huna alama za kutosha, na barua ya ufadhili nayo ilikuwa na masharti yake. Nikaona milioni 20 za watu zinateketea kwa sababu ya magazeti.

Mwalimu wa somo lile aliniita. Nilijiandaa kusemwa. Akauliza tu, "Unalala saa ngapi?" Nikaanza kudanganya, nikashindwa, nikamweleza yote. Hakunipa pesa wala huruma nyingi. Alinionyesha tarehe ya marudio, akasema nipunguze usiku, na nikifaulu vizuri nirudi nizungumze naye. Nikapunguza zamu zikawa mbili, za mwisho wa wiki. Mihogo nikaanza kununua kwa Wasomali wa Rinkeby, maana inashibisha kuliko mkate. Sapu nikaifaulu kwa alama za juu.

Vuli ya 2017, mwanzo wa mwaka wa pili, ndipo nikapata kazi ya chuoni. Wanaiita amanuens. Ni ajira halali inayotajwa kwenye kanuni za vyuo vikuu, mwanafunzi anafanya kazi isiyozidi nusu ya muda wa kawaida. Mimi nilipewa asilimia 20, kuwasaidia wa mwaka wa kwanza mazoezi ya takwimu na kusahihisha kazi zao. Krona 4,600 kwa mwezi kabla ya kodi, mchana, ndani, penye joto. Hiyo ndiyo kazi niliyowasimulia na mkaisifu. Mlichokuwa hamjui ni kwamba ilikuja muhula wa tatu, na ilikuja baada ya kujulikana. Muhula wa kwanza na wa pili hakuna aliyenipa.

Pesa ya kuonyesha kwa mwaka wa pili nilitimiza kwa taabu, baada ya kusafisha ofisi majira yote ya joto huku Stockholm nzima iko ufukweni.

Mengine mnayajua. Nilimaliza 2018, nikaajiriwa nyumba ya wazee kama msaidizi, nikasoma Kiswidi usiku, nikafanya mtihani wa maarifa wa wauguzi waliosoma nje ya Ulaya, ule unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Gothenburg, na 2022 nikapata leseni. Sasa naitwa sjuksköterska na naweza kuamuru watu wanyooshe mkono wachomwe sindano.

Kwa nini Waswidi wenyewe hawabebi magazeti? Wana bumu. Ofisi inaitwa CSN. Anayesoma muda wote anapewa ruzuku karibu krona 4,000 kwa kila wiki nne, na akitaka anaongezewa mkopo karibu krona 9,000, anaulipa polepole kwa miaka mingi. Aliyekuja kwa kibali cha masomo hayumo. Ukiwa na kibali cha kudumu unaingia, na ada hulipi. Kwa hiyo mimi nikitaka kusoma uuguzi wa wagonjwa mahututi kesho, nasoma bure. Mdogo wangu atakayekaa kiti cha pembeni hana haki hiyo. Chuo ni kile kile, lakini karatasi zetu si sawa.

Sasa turudi kwenye kiwanja.

Mwaka 2025 kiasi cha kuonyesha kilikuwa kimepanda kupita krona 10,500 kwa mwezi. Kwa miezi kumi ni kama milioni 27. Mdogo wangu ana akiba ya milioni tisa. Zimebaki 18. Asipokwenda mwaka huu, ufadhili wa chuo kwa kawaida hauwekwi kiporo, anaanza foleni upya. Akienda kwa pesa ya kiwanja na imani ya kazi ya chuoni, atafika Novemba na kigari cha magazeti. Nimeyawaza haya siku nne.

Baba mdogo, najua watakusomea haya, au utayasoma mwenyewe kwa ile miwani. Usiuze kiwanja. Zile nne zako za bahasha hukuwahi kuzidai hata siku moja, nami nilijifanya nimesahau. Nazirudisha. Kumi na nne zilizobaki naziweka mimi, ndiyo pesa niliyokuwa nimeiweka kwa nauli ya Desemba na msingi wa nyumba yangu. Kwa hiyo mama, na ninyi nyote, Desemba hii siji. Naomba msinikasirikie.

Atalala kwangu Skärholmen. Nina vyumba viwili na kitanda cha pili kipo. Asipolipa kodi ya chumba, pesa yake haitaguswa sana, mwaka wa pili ataionyesha ile ile. Sharti langu ni moja: muhula wa kwanza hakuna kazi ya usiku. Asome, walimu wamjue, ajifunze Kiswidi. Kazi ya chuoni ikija baadaye, iwe nyongeza, siyo chakula.

Na ninyi vijana wengine mnaoniandikia, msikimbilie ufadhili wa ada tupu kama huku hamna kitanda. Ombeni ule wa Taasisi ya Uswidi, Svenska institutet. Mimi niliukosa, lakini Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa kwenye orodha, na kwa miaka ya karibuni umekuwa ukilipa ada, krona 12,000 kila mwezi, bima na pesa ya safari. Wanataka saa 3,000 za kazi, na nafasi ya chuo unaiomba kabla, katikati ya Januari. Mnaofikiria udaktari wa falsafa, vyuo vya huku kwa kawaida vinakuajiri kwa mshahara. Sheria za vibali zinabadilika kila mara, msisikilize za vijiweni, someni kwenye tovuti ya Migrationsverket wenyewe.

Barua ya ufadhili ikija, kabla ya vigelegele, tafuteni mstari unaosema mtakula nini. Kama haupo, ulizeni.

Kesho naingia zamu saa moja asubuhi, naishia hapa. Mama, leo nimekula kweli. Dagaa wameisha, mdogo wangu aje nao.