Mkopo Unaoanzia Kliniki

Vijana wengi wa Wanging'ombe wanaoomba mkopo wa chuo kikuu miaka hii wana cheti cha kuzaliwa kinachosema walizaliwa Mkoa wa Iringa. Hawakuhama. Mkoa wa Njombe ulianzishwa wao wakiwa tayari wanatembea, mwaka 2012, na wilaya yao ikamegwa kutoka ile ya Njombe mwaka huohuo, makao makuu yakawekwa Igwachanya. Mtoto wa Saja au wa Kipengere anajikuta na cheti cha kuzaliwa cha mkoa mmoja, cheti cha shule cha mkoa mwingine, na mbele yake kompyuta inayomuuliza alizaliwa wapi. Hilo ndilo dogo kuliko yote ambayo mwandishi wa kumbukumbu hizi ameyaona tangu 2006, alipoomba mkopo wake mwenyewe, hadi leo anapotafutwa na nusu ya ukoo kila Juni maombi yanapofunguliwa.

Mwaka ule Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa bado changa. Sheria iliyoiunda ni ya 2004, kazi ikaanza Julai 2005. Kabla yake mikopo ilitolewa na wizara, tangu 1994, serikali ilipokuwa imekwisha kuwaambia wazazi wachangie gharama. Na nyuma zaidi ya hapo hapakuwa na mkopo wala mchango. Baba mkubwa wa mwandishi alisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1970 kwa fedha ya serikali: ada, kitanda, sahani ya chakula na nauli ya kurudi likizo. Alipoletewa fomu asaini kama mdhamini, mzee aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani, akauliza, "Sasa hapa mwanangu unaomba shule au unaomba kiwanja?"

Tabu ya 2006 ilikuwa tabu ya miguu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa shambani, na mhuri wa mtendaji ulikuwa mfukoni mwa koti la mtendaji, ambaye naye alikuwa kwenye kikao cha kata. Hakimu wa kuapisha alipatikana kwa siku zake. Picha za pasipoti zilipigwa studio Makambako, na kopi zilitolewa hukohuko, kwa kuwa kijijini hapakuwa na umeme. Anayetoka vijiji vya ukanda wa juu, kule Igosi na Kipengere kwenye baridi na viazi, alitafuta lori la mzigo kwanza ndipo amfikirie hakimu. Bahasha ikapelekwa posta, na baada ya hapo kimya. Hakuna ujumbe wa simu, hakuna pa kuchungulia kujua kama fomu imefika au imelala kwenye kapu. Mtu alisubiri mpaka majina yabandikwe, akapita na kidole ubaoni kutoka juu hadi chini.

Aliyejiona kwenye ubao naye hakuwa amemaliza. Mkopo ulitolewa kwa asilimia, sehemu iliyobaki ikiwa juu ya mzazi, na mzazi wa Wanging'ombe mwenye ekari mbili za mahindi hakuwa na sehemu ya kutoa. Ndiyo hoja iliyowatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam madarasani mwaka 2007, wakidai walipiwe asilimia 100. Mwandishi alikuwa mwaka wa kwanza. Anachokumbuka zaidi ya kelele za mgomo ni wenzake wa mikoani waliokuwa wakihesabu nauli ya kurudi nyumbani.

Miaka ya mwanzo ya 2010 maombi yakahamia kwenye mtandao, na hapo tabu ikabadili sura. Kwa miaka kadhaa mfumo ulikuwa nusu kompyuta, nusu posta: mwombaji anajaza mtandaoni, anachapisha kurasa, anazisainisha kwa mtendaji, mdhamini na hakimu au wakili, kisha anazituma posta kwa EMS. Steshenari za Makambako, mji wa njia panda ambako barabara ya Songea inaiacha ile ya Mbeya, zikawa ofisi ndogo za mikopo. Kila Juni na Julai benchi hujaa vijana wenye bahasha za kaki na kina mama waliofunga fedha kwenye ncha ya kitenge.

Msaada wa steshenari ulikuwa wa kweli, lakini ulikuja na ugonjwa wake. Kijana wa kompyuta, akiwa na foleni mlangoni, alimfungulia mteja akaunti kwa barua pepe yake yeye na nywila aliyoitunga yeye. Kazi ikaisha, risiti ikatolewa. Mwezi mmoja baadaye mfumo unadai marekebisho, mwombaji yuko kijijini, yule kijana amehamia Mbeya, na nywila ameondoka nayo. Mwandishi amewahi kukaa na binti wa jirani jioni nzima wakibahatisha majina ya timu za mpira, kwa sababu kijana huyo alijulikana kuwa mshabiki mkubwa. Walipata. Ilikuwa Simba na mwaka wa kuzaliwa.

Lakini jambo zito kuliko yote lilimkuta mwaka 2012, kwa mpwa wake. "Shikamoo mjomba," binti alisema kwenye simu, na kabla hajaitikiwa vizuri akaendelea, "fomu inataka vyeti vya vifo vya baba na mama."

Ili kuelewa uzito wa sentensi hiyo lazima mtu aijue Njombe ya miaka ile. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 uliukuta mkoa huu na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Nyuma ya tarakimu hiyo kulikuwa na miaka mingi ya misiba, na nyumba nyingi ambazo bibi ndiye mama. Yatima ni kati ya watu wa kwanza ambao mkopo umewekwa kwa ajili yao. Ila yatima wa kwenye fomu ni yule mwenye karatasi. Wazazi wengi walifia nyumbani. Kifo kilitangazwa kanisani, kaburi likachimbwa, arobaini ikapita. Nani angekumbuka kwenda mjini kwa Mkuu wa Wilaya, kwenye dawati la msajili wa vizazi na vifo, kuomba cheti cha marehemu?

Mama wa binti yule alifia hospitali, karatasi yake ikapatikana. Baba alifia nyumbani, na kwake ilibidi kuanza na barua ya mtendaji, mashahidi wawili waliomzika, na safari ya Njombe mjini, maana dawati la Igwachanya lilikuwa bado halijakaa sawa. Huko likazuka la pili: kitabu cha kanisa kilimwita Elia, cheti cha shule cha mtoto kilimwita Elias. Herufi moja. Karani aliuliza, kwa upole kabisa, kama hao ni watu wawili. Bibi, aliyeletwa kama shahidi, alimjibu kwa Kibena maneno ambayo hakuna aliyejitolea kuyatafsiri. Kiapo kikaandikwa, cheti kikatoka, fomu ikawahi. Binti huyo sasa ni mwalimu.

Kufikia miaka ya mwisho ya 2010, Bodi ilianza kutaka vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiwe kwanza na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Haki ya sharti hilo haina ubishi: vyeti vya kughushi vilikuwa biashara, na kila yatima wa bandia alikalia fedha ya yatima wa kweli. Lakini vyeti vya zamani viliandikwa kwa mkono, vingine kwa wino uliofifia, na namba isiyosomeka haihakikiki. Aliyedhani ana cheti akagundua ana picha ya cheti tu.

Na kijana mwenyewe mara nyingi hayupo. Tangu 2013 wahitimu wa kidato cha sita huitwa tena Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, katika miezi ileile ambayo dirisha la mikopo liko wazi. Mtoto wa dada mwingine wa mwandishi aliitwa mwaka 2019 na kupangiwa kambi ya Mafinga. Maofisa wa Bodi huzungukia makambi kutoa elimu, jambo la kusifiwa. Ila ofisa hawezi kubeba cheti kilichobaki kwenye sanduku la bibi. Kwa hiyo kurasa zilipandishwa basi Makambako, zikasainiwa kambini, zikarudi kwa basi lingine. Mama mtu alibaki kituoni na mwavuli, akimhoji kila kondakta kuhusu bahasha ya kaki.

Posta imekwisha kuondoka kwenye safari hii. Kurasa zilizosainiwa hupigwa skani na kupakiwa, ada ya maombi, shilingi 30,000, hulipwa kwa simu, na majibu huonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi. Fedha nazo zimeongezeka: bajeti ya mikopo ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka uliofuata, kisha bilioni 654. Bumu, fedha ya chakula na malazi, lilitoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, na kuanzia 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa stashahada nao wakaingizwa. Mwandishi mwenyewe, anayekatwa asilimia 15 ya mshahara tangu sheria ilipobadilishwa, alishangilia 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa.

Kilichobaki ni majina, na hapo ndipo maombi mengi yanayomfikia yanapokwama. Kijana aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, akabatizwa kwa jina la mtakatifu, akasajiliwa mtihani wa kidato cha nne na mwalimu aliyeandika alivyosikia. Mwingine alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, sasa ana namba mbili, moja inaanza na S na nyingine na P, akaombea chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine. Mfumo unawaona watu wawili, na hakuna kati yao aliyekamilika. Dirisha la marekebisho hufunguliwa kwa siku chache. Jina lililoandikwa vibaya miaka kumi iliyopita halitengenezeki kwa siku chache.

Ndiyo maana mwandishi ameacha kuwaambia wazazi habari za Juni. Anawaambia habari za kliniki. Mwaka 2016 mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano uliletwa Iringa na Njombe, vyeti vikatolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Watoto hao sasa wako shuleni, na mkubwa wao atagonga mlango wa Bodi karibu na 2030. Wana karatasi ambayo baba zao hawakuwa nayo. Swali ni kama jina lililoandikwa na muuguzi siku ile ndilo lililo kwenye daftari la mwalimu leo.

Mzazi mwenye mtoto darasa la nne, la saba au kidato cha pili, toa cheti hicho sandukuni wiki hii, kiweke kando ya kadi ya ubatizo na ripoti ya shule, usome majina matatu kwa sauti. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, nenda kwa mwalimu mkuu kabla mtoto hajasajiliwa mtihani. Kama kosa liko kwenye cheti, msajili wa wilaya yuko Igwachanya, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na Januari hapana foleni.