Nilimwita mwanangu mwizi, kumbe ni hewa

Nilimwita mwanangu mwizi mbele ya wanawake wenzangu wa kikundi, hapa hapa Benaco, na chanzo chake kilikuwa maji ya rejeta.

Tuna guta la injini, pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo. Nililinunua kwa mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na marejesho ni kila Jumamosi, uwe umeuza au hukuuza. Mwanangu wa kwanza ndiye dereva. Hufuata ndizi Rulenge, nyingine tunaziuza hapa malori ya Rwanda na Burundi yanapopumzika, na siku ya gulio huzipeleka Nyakahura, upande wa Biharamulo.

Bodaboda nyingi injini zake hupozwa na upepo tu. Guta letu lina rejeta kama gari. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaijaza maji ya kisima, hadi yakaanza kutoka na kutu, mekundu kama udongo wa Ngara. Mwanangu akaniambia, "Mama, tuyamwage tuweke kulanti." Nikampa 20,000.

Alifanya kazi hiyo mwenyewe uani kwetu, jioni, mimi nikiwa sokoni. Kesho yake, mlima wa kwanza tu na mzigo wa ndizi, guta likachemsha. Akasubiri lipoe, akaongeza maji, likachemsha tena. Siku ya pili vilevile. Nilipochungulia ile chupa ya akiba pembeni ya rejeta, nikaona maji yenye ukijani mdogo tu, kama juisi iliyozidishwa maji. Nikajua nimeibiwa. Wenzangu walikuwa wamekuja kukumbushia marejesho, nami nikamwambia mbele yao kwamba amenunua kidogo na nyingine amekula. Hakujibu. Aliinama, akaendelea kukaza boliti ambayo nadhani haikuwa imelegea.

Fundi wa jirani akatuletea habari mbaya zaidi: gasketi imekwisha, injini ifunguliwe, 180,000. Fedha hiyo sikuwa nayo, na ningeikopa kwa watu wale wale ninaowadai heshima.

Siku ya gulio nilipanda nyuma juu ya ndizi, kusudi nimchunge. Njia nzima hatukusemezana. Karibu na Nyakahura taa nyekundu ikawaka, mvuke ukatoka, tukavutwa kwa kamba na guta la mtu mwingine hadi kwa fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mwembe.

Mzee yule hakushika spana. Kwanza aliuliza, "Mlibadilisha maji lini? Guta lilikuwa limeegeshwaje?" Mwanangu akasema lilikuwa uani, pua ikitazama bondeni. Wanaokujua kwetu wanajua hakuna ua ulio tambarare. Mzee akacheka kidogo.

Akasogeza kiganja karibu na rejeta. Injini ilikuwa inaunguza, lakini rejeta yenyewe ilikuwa baridi. Maana yake maji hayazunguki. Akachomoa kijiti cha oili akakitazama: oili safi, haijawa kama chai ya maziwa. Akaniambia kama gasketi ingekuwa imepasuka na maji kuingia kwenye oili, hapo ndipo angeyaona.

Tulisubiri karibu saa nzima ipoe. Alinikataza kabisa kugusa kifuniko. Maji yale yamebanwa, ukifungua yakiwa ya moto yanakurukia usoni. Kisha wakalisukuma guta likatazama kilimani, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini. Akafungua kifuniko, akawasha, akaacha injini iunguruma taratibu. Mapovu yakaanza kutoka, bubububu, kama sufuria ya maharage. Kila maji yaliposhuka, aliongeza. Hewa iliyonasa humo ndiyo iliyokuwa inazuia maji kupita, na thamostati, ule mlango mdogo unaofunguliwa na joto, ilikuwa imezungukwa na hewa badala ya maji ya moto, kwa hiyo haikufunguka. Baada ya muda mpira wa chini ukapata joto, feni ikazunguka yenyewe, mapovu yakaisha. Alisema yangeendelea bila kuisha, basi hapo tungerudi kwenye habari ya gasketi.

Nikamwuliza kuhusu ile rangi hafifu. Mzee akamgeukia mwanangu: "Ulichanganya na maji?" Akajibu, "Ndiyo, nusu kwa nusu, dumu liliandikwa hivyo." Mzee akasema ndivyo inavyotakiwa kwa aina ile. Kulanti tupu bila maji nayo haipozi vizuri.

Alitutoza 5,000. Nikatoa 10,000 na sikudai chenji, maana sikutaka asimame pale akihesabu huku akinitazama.

Kurudi nilikaa mbele, pembeni ya mwanangu, pale pasipo kiti. Tulipofika Kasulo ndipo nilipopata sauti. Nikamwambia nimekosa. Akasema, "Yameisha, mama." Jumamosi nilirudia maneno hayo mbele ya kikundi, yeye akiwepo, na mweka hazina akaniambia niharakishe, kuna watu wanasubiri kulipa.

Guta halijachemsha tena. Siku hizi kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, ananiita nije nitazame maji mwenyewe. Ningependa aache kuniita.